Dawa Inayofika Kichuguuni

Mvua zinapokatika mwezi Mei na mahindi yakaanza kukauka shambani, mkulima wa kata ya Nakapanya, wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma, anaingia katika mbio na mchwa. Bua lililokuwa limesimama jioni, asubuhi limelala, limekatwa karibu kabisa na ardhi, na hindi lake limepakwa utandu wa tope jekundu ambao chini yake mchwa wanakula bila kuguswa na jua wala kuonwa na ndege. Hindi lililolala chini siku kadhaa linaanza kuoza, na ule ukungu unaozaa sumukuvu unapata njia ya kuingia. Kwenye kitalu cha mikorosho hali ni ya namna nyingine: mche unaliwa gome na mizizi chini ya usawa wa udongo, na mwenye kitalu haoni kitu mpaka majani yalegee, na yakishalegea mche umekwisha. Kwa hasara hii watu wametafuta dawa tangu zamani, na dawa zenyewe nyingi ni mimea: utupa, mwarobaini, tumbaku, pilipili kichaa, majivu yaliyochanganywa na hiki na kile. Ninalotaka kulieleza leo ni kwamba mimea hiyo ina nguvu ya kweli, iliyothibitishwa, lakini tumekuwa tukiielekeza pasipo penyewe. Tunammwagia dawa mchwa tunayemwona shambani, ilhali uhai wa jamii yake nzima umekaa ndani ya kichuguu, kwenye bustani ya ukungu anayoilima. Dawa ya mimea isiyofika kwenye bustani hiyo itabaki kuwa ya kufukuza tu, na mchwa aliyefukuzwa hurudi.

Ushahidi ulio bora kuhusu jambo hili unatoka mbali na sisi, katika bara la Amerika, na inafaa tuanzie huko. Kuanzia kusini mwa Marekani mpaka Argentina wapo sisimizi wa jenasi mbili, Atta na Acromyrmex, ambao hukata majani mabichi vipande vipande na kuvibeba kwa misururu mirefu hadi shimoni. Afrika hatuna sisimizi hao. Kule Brazil wanaweza kuuacha mchungwa au mkaratusi mchanga bila jani hata moja kwa usiku mmoja, na kwa muda mrefu watu waliamini kwamba majani hayo ndiyo chakula chao. Thomas Belt, Mwingereza aliyekuwa akisimamia mgodi nchini Nicaragua, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1874 kwamba mambo si hivyo: majani yanatumika kuoteshea ukungu, na ukungu ndio unaoliwa. Uchunguzi wa baadaye ulimpa haki. Jani likifika shimoni linarambwa likatakata, linatafunwa mpaka likawa rojo, kisha linapandikizwa nyuzi za ukungu ambao leo wataalamu wanauita Leucoagaricus gongylophorus. Ukungu ukistawi unatoa vinundu vilivyojaa lishe, navyo hulishwa mabuu. Ukungu ukifa, mabuu wanakufa, na sisimizi wakubwa hata wakiwa mamilioni hawana tena kizazi cha kuwafuatia.

Kwa hiyo anayetaka kupambana na sisimizi hao ana njia mbili: kumuua mdudu au kuiua bustani. Na hapo ndipo mmea tunaoujua vizuri sana Tunduru unapoingia kwenye habari hii, yaani ufuta. Wakulima wa Brazil walikwisha kugundua kwamba sisimizi wanaoruhusiwa kubeba majani ya ufuta hudhoofika kadiri siku zinavyokwenda. Mwaka 1990 Fernando Pagnocca na wenzake walichapisha matokeo ya kupima rojo la ufuta dhidi ya ukungu wenyewe katika maabara, wakaonyesha kwamba ukungu unazuiwa kukua. Katika utafiti uliofuata zilitajwa asidi za mafuta zilizomo kwenye majani, na sesamini, ambayo inapatikana katika mbegu zile zile tunazouza kwenye minada. Majani ya mbono nayo yamechunguzwa kwa nia hiyo hiyo. Tena upo mmea uitwao Tephrosia candida, ndugu wa karibu wa utupa wetu, ambao umetengenezewa chambo cha kuuzwa madukani huko huko Brazil. Angalieni namna kazi inavyofanyika: hakuna anayepuliza kitu hewani, hakuna anayemwaga ndoo ya maji machungu. Sisimizi mwenyewe analibeba jani kwa hiari yake, analipeleka chini, analitafuna, analipanda katikati ya chakula cha watoto wake.

Hiari hiyo ina masharti, na masharti ndiyo yanayotufundisha zaidi. Watafiti walipowapa sisimizi wakata-majani vyakula vilivyotiwa dawa ya kuua ukungu, isiyomdhuru sisimizi mwenyewe, mwanzoni vilibebwa bila wasiwasi. Baada ya saa kadhaa ubebaji ukasimama, na sisimizi hao wakaendelea kuvikataa kwa wiki nyingi. Maana yake bustani ikiumwa, wanaoitunza wanapata habari na wanakumbuka ni kitu gani kilileta maradhi. Kwa hiyo jani linaloua haraka linajifungia mlango lenyewe. Linalofaa ni lile linalofanya kazi polepole, kidogo kidogo, likakubalika mpaka limekwisha kusambaa. Watengenezaji wa chambo za kisasa walilijua hili: chambo zinazotumika sana dhidi ya sisimizi hao hutengenezwa kwa makapi ya machungwa yaliyokaushwa, maana sisimizi wanayapenda, kisha yanatiwa kiasi kidogo cha sumu isiyo na haraka.

Tatizo ni sumu yenyewe. Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2004, ulianza na kemikali 12 zinazokaa katika mazingira kwa miaka mingi na kujikusanya katika miili ya viumbe. Aldrini, dieldrini, klodani na heptaklori, zilizokuwa zikimwagwa ardhini kwa ajili ya mchwa, zimo kwenye orodha hiyo. Mireksi, iliyokuwa sumu ya chambo za sisimizi, nayo imo. Iliyoshika nafasi ya mireksi ni salfluramidi, ambayo ikivunjika inazaa kemikali nyingine isiyokwisha, iliyoongezwa katika mkataba huo mwaka 2009, na hata hivyo matumizi yake kwa sisimizi wakata-majani yakaachiwa nafasi ya pekee kwa sababu mbadala ulio tayari haukuonekana. Ndiyo sababu utafiti wa mimea umekuwa na haraka kule. Unajaribu kuibakiza ile hekima ya chambo cha polepole na kuiondoa sumu isiyooza.

Sasa turudi nyumbani. Mchwa si sisimizi. Katika ukoo wa wadudu yuko karibu na mende kuliko na nyuki au siafu. Lakini mchwa wakubwa wanaojenga vichuguu vyetu, wa jenasi ya Macrotermes, wamefikia ustadi ule ule kwa njia yao wenyewe: nao ni wakulima wa ukungu. Hili ni jambo la kale sana katika ardhi hii. Mwaka 2016 wanajiolojia waliripoti kwamba katika Bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, wamepata viota vya mchwa vilivyogeuka mawe, masega ya bustani yakiwa bado mahali pake, na umri wake ni kama miaka milioni 25. Anayebomoa kichuguu leo kwa ajili ya kufyatua matofali anakutana na kitu hicho hicho kikiwa hai: vibonge vyepesi vya rangi ya kahawia, vyenye mikunjo mikunjo na matundu kama sifongo, vikitoa joto kidogo mkononi, na juu yake vinundu vyeupe vidogo kuliko punje ya mtama. Hayo ndiyo masega ya ukungu. Mchwa hula bua kavu, kisha hulijenga sega hilo kwa kinyesi chenye mbegu za ukungu. Ukungu unavunja ule ugumu wa mti ambao tumbo la mchwa haliuwezi peke yake. Baadaye mchwa hula sega lililokomaa. Uyoga mkubwa mtamu unaochomoza juu ya vichuguu mvua zikikolea ni tunda la bustani hiyo. Basi bua letu la mahindi ni mbolea tu. Shamba la mchwa liko chini.

Ukimtazama mchwa kwa jicho hilo, utaona kwa nini dawa zetu za majani zinapata sifa mbili zinazopingana. Mmoja anaapa kwamba mwarobaini unafanya kazi, mwingine anaapa kwamba ni upotevu wa nguvu, na wote wawili wanasema kweli. Nguvu ya mwarobaini si ya kutiliwa shaka. Mwaka 1959 Heinrich Schmutterer, mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, aliona nchini Sudan kundi la nzige likimaliza mimea yote ya eneo na kuiacha miarobaini ikiwa na majani yake. Mwaka 1968 wanakemia wakaitenga kemikali inayohusika zaidi, azadirakitini, ambayo humfanya mdudu asitake kula na huharibu namna anavyojivua gamba na kukua. Maji ya majani au mbegu zake yakimwagwa kuzunguka mche, mchwa anayefika pale anageuza njia. Kwa mwenye kitalu mwenye haja ya kuvuka wiki chache za hatari, hiyo ni faida kamili, nami singemshauri aache. Lakini jua, mvua na vijidudu vya udongo vinaivunja kemikali hiyo kwa siku chache, na kichuguu chenye malkia anayetaga maelfu ya mayai kwa siku hakikupoteza kitu. Kimebadilisha barabara tu. Aliyemwagia mara moja na kurudi mwezi uliofuata ataona dawa ni uongo; aliyemwagia kila wiki ataona ni kweli.

Utupa nao una historia yenye kufundisha. Ndani ya majani yake mna rotenoni na kemikali nyingine za ukoo huo, ambazo humzuia mdudu kupata nguvu kutoka katika pumzi yake. Seli zinakosa uwezo wa kutumia hewa safi. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na wenzao wa Uingereza walichapisha mwaka 2015 majaribio ya kaskazini mwa Tanzania juu ya maharage, wakitumia mimea inayoota pembezoni mwa mashamba, utupa ukiwa mmojawapo. Majani yalikaushwa kivulini, yakasagwa, yakalowekwa katika maji yenye sabuni kidogo, maana sabuni inasaidia kuikamua kemikali isiyopenda maji. Wadudu waharibifu walipungua, mavuno yakakaribiana na ya mashamba yaliyopulizwa dawa ya kiwandani, na wadudu rafiki, kama buibui na wadudu-kibibi wenye madoa, hawakuangamizwa kwa kiwango kile cha dawa ya kiwandani. Hesabu ya gharama nayo ilikuwa upande wa majani. Haya ni matokeo mazuri, na yamepatikana katika nchi yetu. Lakini yalihusu wadudu wanaokaa juu ya jani la mharage, mahali dawa inapowakuta uso kwa uso. Kuyahamishia kwa mchwa wa chini ya ardhi bila kupima ni kuruka hatua.

Tena utupa una siri iliyofichuka Malawi, na siri hiyo inawahusu watu wa Tunduru moja kwa moja, maana mmea huu unapandwa na kugawiwa pande zote mbili za Ziwa Nyasa. Mwaka 2012 Philip Stevenson na wenzake walionyesha kwamba utupa, ule ule kwa sura, una aina mbili kwa kemia. Aina moja ina rotenoidi na inaua wadudu. Aina ya pili haina, na walipoijaribu dhidi ya fukusi wa kunde haikufanya kazi. Maua, majani na maganda havitoshi kumwambia mkulima ameshika ipi. Kwa hiyo yule jirani aliyesema utupa haufai huenda alikuwa na utupa usiofaa kweli, na si uvivu wake. Hapa serikali na watafiti wana deni: mbegu ya utupa inayogawiwa kama dawa ipimwe kwanza, kama inavyopimwa mbegu ya mahindi kabla ya kutiwa kwenye mfuko. Kwa kuwa kila mti huzaa mbegu nyingi, kazi ya kupima miti mama michache yenye nguvu na kuisambaza ingekuwa ya mara moja, na faida yake ingekaa vijijini miaka na miaka.

Atatokea mtu aseme: kwa nini usumbufu wote huu wakati duka la pembejeo lipo na dawa ya kiwandani inaua saa hiyo hiyo? Ni swali la haki, na mkulima anayeliuliza ana shamba la kuokoa. Jibu langu ni kwamba kasi hiyo ndiyo udhaifu wake. Mchwa anayekufa palepale alipoigusa dawa haipeleki nyumbani. Wenzake wanaziba njia kwa udongo na kupita kwingine, na pengo la wafanyakazi waliokufa linazibwa katika siku chache. Dawa zinazokaa ardhini muda mrefu zilikuwa na uwezo wa kushinda kwa kukaa, lakini kukaa huko ndiko kulikozifanya zikatazwe. Anayemwaga sumu ya haraka kila msimu analipia jambo lile lile analopewa bure na mwarobaini, yaani kumfukuza mchwa kwa muda, na juu ya hapo analipia hatari ya kuipuliza bila glavu wala barakoa, kama inavyofanyika mara nyingi.

Lakini nikisema hivyo simaanishi kwamba kitu kikitoka mtini basi ni salama. Imani hiyo inaumiza watu, na wanaohubiri dawa za asili wana wajibu wa kuivunja wao wenyewe. Tumbaku ina nikotini, ambayo hupenya ngozi. Maji yake mazito yanaweza kumlaza mtu mzima kitandani, na mtoto yanaweza kumuua. Utupa unaua samaki, na kwa sababu hiyo umetumika kuvulia mitoni tangu enzi, jambo ambalo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inalikataza. Kilo chache za majani yaliyopondwa zikiingia katika dimbwi la mto Muhuwesi wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache, zinaua kuanzia kambale mpaka vifaranga vya samaki, na maji ya Muhuwesi yanaelekea Ruvuma. Anayeosha pampu yake ya utupa mtoni anafanya kosa lile lile la anayeosha pampu ya sumu ya kiwandani. Na kwa mwili wa mtu, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 uliona ugonjwa wa Parkinson zaidi kwa watu waliowahi kushughulika na rotenoni kazini kuliko kwa wasioishika. Kwa hiyo majani yapondwe kwa kufunika mdomo na pua, si katika kinu cha nyumbani, na maji yanayobaki yamwagwe shambani mbali na kisima.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Tunduru asingependa kulipoteza, nalo ni majimoto, wale wadudu wekundu wakali wanaoshona majani mabichi ya mkorosho kwa hariri ya watoto wao na kufanya kiota juu mtini. Watu wengi wanawachukia wakati wa kupogolea na kuokota korosho, na kuumwa nao si mchezo. Lakini utafiti uliofanywa Tanzania na Moses Olotu na wenzake, uliotoka mwaka 2013, ulionyesha kwamba mikorosho inayokaliwa na majimoto hupata madhara madogo zaidi ya mbu wa mikorosho na wadudu wengine wafyonzaji kuliko mikorosho isiyo nao. Hao ni walinzi wasiodai mshahara. Mtu akichukua ndoo ya utupa kwa hasira ya mchwa na kuipuliza shina zima mpaka kwenye matawi, amewaua walinzi ili kumfukuza mwizi mmoja, na wezi wengine wataingia. Hii ni sababu nyingine ya kutaka dawa inayobebwa na mchwa mwenyewe hadi nyumbani kwake: haimgusi asiyehusika. Hata mchwa wenyewe hawastahili kufutwa wote. Katika spishi zao karibu 3,000 duniani, zinazoharibu mazao ni sehemu ndogo. Waliobaki wanaozesha mabaki, wanatoboa udongo ili maji ya mvua yazame, na udongo wa vichuguu vyao wakulima wengi wanautawanya shambani kwa kuujua rutuba yake. Anayetaka kuua kila kichuguu cha kijiji anajinyima mbolea, matofali, kumbikumbi na uyoga kwa pamoja.

Pingamizi ambalo ni zito kuliko yote ni hili: ushahidi wa ufuta ni wa sisimizi wa Brazil, na mchwa wa Nakapanya si sisimizi, wala ukungu wake si ule. Nakubali kabisa. Ukungu wa mchwa ni wa jenasi nyingine, Termitomyces, na dawa inayouzuia mmoja si lazima iuzuie mwingine. Kuna tofauti kubwa zaidi: sisimizi hubeba jani kwa taya, hulitafuna na kulipanda bila kulimeza, lakini mchwa huanza kulimeza, kwa hiyo kemikali inapita kwanza katika utumbo wake kabla ya kufika kwenye sega. Huenda ikavunjikia humo. Mtu anaweza kuongeza kwamba mchwa wakionekana wakila mabua ya ufuta, hiyo ni dalili kwamba hayawadhuru. Hapo ndipo nisipokubali. Sisimizi wa Brazil nao hubeba ufuta kwa furaha, na madhara yanaonekana baada ya muda, gizani, kwenye bustani ambayo mwenye shamba haioni. Kula kwa hamu hakuthibitishi usalama; katika mpango wa chambo, kula kwa hamu ndiko kunakotakiwa. Ninachokidai hapa ni kidogo kuliko kusema ufuta ni dawa ya mchwa. Ninasema tuna sababu nzuri ya kuuliza, tuna malighafi ya kuulizia, na tuna watu wa kuuliza.

Malighafi ipo tele. Ufuta wa Tunduru ukishakatwa hufungwa mafungu na kusimamishwa ukauke mpaka vitumba vipasuke nchani, kisha hupigwapigwa juu ya turubai. Mbegu inakwenda chama cha msingi na kuingia stakabadhi ghalani. Majani yaliyopukutika na mabua yanaachwa au yanachomwa moto. Hakuna anayeyalipia. Na kazi ya kuyakusanya haina uzito wa kazi ya kuponda utupa kila wiki, jambo ambalo nalitaja kwa makusudi, kwa sababu dawa za majani zinaitwa za bure na watu wasiozitwanga. Kuzitwanga, kuchota maji ya kulowekea na kubeba ndoo mpaka shambani mara nyingi kunamwangukia mama wa nyumba, ambaye siku yake ilikwisha kujaa. Chambo kinachowekwa mara chache kwa msimu, mahali mchwa wanapopita, kingempunguzia mzigo huo.

Wa kuuliza nao wapo. Kituo cha Naliendele, Mtwara, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, ndicho kinachoongoza utafiti wa korosho na ufuta nchini, kwa hiyo mmea na mdudu vyote viko katika eneo lake. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na yenye makao Arusha, ndiyo inayosajili viuatilifu. Baadhi ya watu wanaona usajili ni kizuizi kwa dawa za kienyeji, na ni kweli kwamba taratibu zilizotungwa kwa ajili ya makampuni makubwa zinaweza kumshinda mkulima au kikundi cha vijana. Lakini kuuondoa usajili kungefungua soko kwa yeyote mwenye chupa na lebo, na tumekwisha kuona jinsi utupa wa aina mbili unavyoweza kumlaghai hata mtu mwaminifu. Kinachofaa ni njia nyepesi zaidi kwa dawa za mimea zinazotengenezwa na kutumika kijijini, itakayodai mambo machache yanayopimika: mmea gani, kiasi gani, unaloweka muda gani, unaweka wapi, usiweke wapi.

Na jaribio lenyewe halihitaji fedha nyingi. Mwezi Juni, mabua ya mahindi yakiwa bado shambani na mchwa wakiwa kazini, vichaguliwe vichuguu hai kadhaa katika vijiji vya Nakapanya, vinavyolingana kwa ukubwa. Kuzunguka baadhi yake vifukiwe vipande vya mabua makavu vilivyolowekwa katika rojo la majani ya ufuta. Kuzunguka vingine, vilivyolowekwa katika utupa uliopimwa na kuthibitishwa kuwa wa aina yenye nguvu, lakini kwa kiasi kidogo kisichowafanya mchwa wakatae. Na kuzunguka vingine, mabua matupu yaliyoloweshwa maji. Kila wiki yahesabiwe mabua yapi yameliwa na kwa kiasi gani, kwa sababu chambo kisicholiwa hakina haja ya kuendelea. Mashamba ya jirani yahesabiwe mabua yaliyolala. Kisha mwishoni mwa kiangazi, kabla kumbikumbi hawajaruka kwa mvua za kwanza, vichuguu vifunguliwe, masega yapimwe uzito, ionekane kama vinundu vyeupe bado vipo au vimefunikwa na ukungu mwingine. Wenyeji ndio wavifungue, kwa kuwa wao wanajua chumba cha malkia kilipo na wanalitambua sega zima na lililooza kwa kulitazama tu. Na vile vichuguu vilivyopewa mabua ya maji matupu vifunguliwe siku hiyo hiyo, maana bila cha kulinganisha nacho hatutajua kama bustani ilidhoofishwa na ufuta, au na kiangazi.